Nani Alipe Mali ya Haramu? Kisa cha Ndugu Wawili wa Marekani



Usiku mmoja baada ya darsa, watu wakivaa viatu kwenda zao, mama mmoja mtu mzima alibaki nyuma akanisubiri mlangoni. Alikuwa na suala moja tu, nalo lilimlemea. Mwanawe mdogo ameajiriwa dukani kwa mwanawe mkubwa. Duka ni la mkubwa, faida ni ya mkubwa, na mdogo hupewa mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Sasa pameanza kuuzwa dukani humo kitu kinachomtia mdogo wasiwasi, kwani wanunuzi wake si watu wa kukinunua kwa kazi yake ya sawa. Mama akaniuliza: "Maalim, siku watakapokuja kushikwa, huyu mdogo atadaiwa nini? Wote wawili nimewazaa mimi. Lakini mali anaila mmoja."

Nilimjibu lile ambalo wewe pia ungalimjibu: mtoto na atoke dukani kesho, riziki haina mlango mmoja. Lakini nusu ya pili ya suala lake ilinifuata mpaka nyumbani. Nikatafuta khabari zake, nikaja kuona kwamba suala la mama yule, karibu neno kwa neno, lilikwisha kufikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2017, katika kesi ya ndugu wawili na duka lao. Hiyo ndiyo khabari nitakayokusimulia. Ni khabari ya sheria, lakini usiikimbie. Ndani yake mna jambo linaloihusu kila nyumba yenye duka, yenye ndugu, na yenye kijana anayetafuta kazi.

Mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa

Kwanza tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni adhabu ya mkosa: kifungo, faini na mfano wake. La pili ni kudaiwa mali iliyochumwa kwa kosa hilo. Mwivi hufungwa kwa kuwa ameiba, na tena hudaiwa kile alichokiiba. Kifungo hakilipi deni, wala deni halifuti kifungo. Sisi tuliosoma vyuoni, tulipofika mlango wa ghasbu, tulifundishwa kuuliza kwanza: mali iliingia mkononi mwa nani? Suala hili laonekana jepesi. Hata hivyo lilichukua miaka mingi kujibiwa katika mahakama za Marekani, na sababu yake ni historia ndefu inayoanzia Uingereza.

Katika Uingereza ya zamani, mtu aliyehukumiwa kwa khiyana dhidi ya mfalme alipoteza roho yake, na ardhi yake na mali yake yote ikaenda kwa mfalme. Aliyehukumiwa kwa kosa jingine kubwa, vitu vyake vilichukuliwa na mfalme, na ardhi yake ikarejea kwa bwana aliyeimiliki nchi ile. Wala mambo hayakusita hapo. Damu ya mhukumiwa ilihesabiwa kuwa imeharibika, hata wanawe na wajukuu wake wasiweze kurithi kwa kupitia kwake. Kosa la babu likawa ufukara wa mjukuu.

Kulikuwa na desturi nyingine ya ajabu zaidi. Kitu kikisababisha kifo cha mtu, kama farasi au gari la kukokotwa, kitu chenyewe, au thamani yake, kilitwaliwa kana kwamba ndicho kilichokosa. Desturi hiyo iliishi mpaka zama za reli. Magari ya moshi yalipoanza kuua watu, na wenye reli wakaanza kutozwa fedha nyingi kwa ajili ya mashine zao, Bunge la Uingereza liliifuta mwaka 1846. Na ule utaratibu wa kumnyang'anya mhukumiwa mali yake yote ukafutwa mwaka 1870.

Marekani walitangulia kuukataa. Katiba yao, iliyoandikwa mwaka 1787, ilikataza hukumu ya khiyana isiharibu damu ya kizazi, wala mali isitwaliwe kupita umri wa mkosa mwenyewe. Na Bunge lao la kwanza kabisa, mwaka 1790, likaweka sheria kwamba hukumu ya makosa ya jinai haitakuwa sababu ya kuharibu damu wala ya kutwaa milki ya mtu. Kilichobaki ni ile njia ya kukishitaki kitu chenyewe: jahazi lililobeba magendo, shehena iliyokwepa ushuru, mtambo wa kupikia ulevi. Serikali ilikishika kile kilichotumika katika kosa, au kilichotokana nalo, ikaishia hapo. Ukumbuke neno hili, ndugu msomaji, kwani tutalirejea: kilichotwaliwa ni kitu maalum chenye doa, wala si mali yoyote ya mtu yeyote.

Ndugu wa kwanza: mwaka 1946

Sasa tuje kwa ndugu. Kabla ya wale wa mwaka 2017, walikuwako ndugu wengine wawili, Walter na Daniel Pinkerton, waliokaa jirani katika shamba la Daniel. Walishitakiwa kwa makosa ya ulevi usiolipiwa ushuru. Mashtaka yalikuwa 11: kumi ya vitendo vyenyewe, na moja la kula njama. Walter ndiye aliyefanya vitendo. Juu ya Daniel hapakuwa na ushahidi kwamba alishiriki kwa mkono wake katika vitendo vile. Na baadhi yake vilifanyika hali yeye yumo gerezani kwa kosa jingine. Hata hivyo alipatikana na hatia ya njama, na ya vitendo sita juu yake.

Kesi ilipanda kwa rufani mpaka Mahakama ya Juu, ikaamuliwa Juni 1946. Mahakama ikasema: wakishakula njama, na mmoja wao akafanya kosa kwa ajili ya kuitimiza njama ile, basi kosa lile ni la mwenzake pia, maadamu ni jambo lililokuwa ndani ya mapatano yao au ambalo lingaliweza kutazamiwa. Jaji Rutledge alipinga kwa nguvu. Aliona kuwa ni khatari kumhukumu mtu kwa kitendo cha mwenziwe ambacho hakukifanya, hakukisaidia, na pengine hata hakukijua. Lakini wengi walishinda, na kauli hiyo imekuwa nguzo ya kesi za njama katika mahakama za serikali kuu ya Marekani tangu siku hiyo.

Angalia hapa. Kauli ya 1946 ilihusu hatia na adhabu: kwamba washiriki hugawana kosa. Haikusema neno juu ya kugawana deni la faida. Lakini neno likishaingia mahakamani hukua, kama mkwaju uliopandwa kando ya ukuta. Hujui utafika siku gani kwenye msingi.

Mali yarudi kutwaliwa

Ilipofika mwaka 1970 Marekani ilikuwa ikipambana na magenge makubwa. Serikali iliona kuwa mkuu wa genge akifungwa biashara yake haifi: fedha zipo, nyumba zipo, wasaidizi wapo, na mwengine hukalia kiti chake. Wakasema, tusiukate mti, tuung'oe na mizizi. Mwaka huo zikapitishwa sheria mbili, moja juu ya magenge na nyingine juu ya dawa za kulevya, zilizorudisha kile kilichoachwa tangu 1790: kutwaa mali ya mkosa kuwa ni sehemu ya hukumu yake. Mwaka 1984 mlango ukafunguliwa zaidi. Kila mtu atakayehukumiwa kwa kosa kubwa la dawa za kulevya, mahakama imwamuru aiachilie serikali mali yoyote iliyotokana na mapato aliyoyapata kwa kosa lile, na kadhalika mali aliyoitumia kulifanya. Sheria hiyo hiyo iliunda mfuko maalum katika Wizara ya Sheria ambamo mali zinazotwaliwa huingizwa.

Hikima ya sheria hii haikatai mtu mwenye akili. Si haki mtu aiuze sumu kwa watoto wa wenziwe, afungwe miaka kadhaa, kisha atoke aikute ghorofa yake inamngojea. Mali ile si yake, na kumwachia ni kumlipa ujira wa uovu.

Lakini hapo ndipo ile mizizi ya 1946 ilipoufikia msingi. Waendesha mashtaka wakasema mbele ya mahakama: washiriki wa njama hugawana kosa, basi na wagawane deni. Na hawakusudii kila mmoja alipe fungu lake. Wanataka kila mmoja adaiwe deni zima, kama wadhamini wa deni moja ambao mwenye kudai humshika amtakaye. Mahakama kadhaa za rufani zikalikubali neno hilo. Ikawa aliyepata mengi na aliyepata kidogo wamo katika daftari moja kwa hesabu moja.

Ukitaka kujua lilifika wapi, sikiliza hili. Katika kesi moja iliyoamuliwa mjini Washington, mtu wa genge moja la Mexico aliamriwa aiachilie serikali zaidi ya dola bilioni 15, ambayo ilikuwa hesabu ya mapato ya genge zima, na wala haikuwa ya kilichomfikia yeye. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ya mji huo iliiondoa amri hiyo, ikasema kuwa sheria inazungumza juu ya alichokipata mtu mwenyewe. Sasa mahakama za rufani zikawa zimekhitalifiana, na zikikhitalifiana namna hiyo, jambo huwa limekomaa kwenda Mahakama ya Juu.

Ndugu wa pili: duka la Tennessee

Ndipo tunapofika kwenye duka la mama yule, ingawa liko mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee. Kesi yenyewe hujulikana kwa jina la Honeycutt. Lilikuwa duka la vyombo na vifaa. Mwenye duka alikuwa ndugu mmoja. Nduguye alikuwa mwajiriwa wa mshahara, akisimamia mauzo na shehena.

Miongoni mwa bidhaa ilikuwamo chupa ya chembechembe za iodini ziitwazo Polar Pure, zinazotumiwa na wasafiri wa porini kusafishia maji ya kunywa. Chupa moja yatosha kusafisha galani 500 za maji, karibu lita 1,900. Mtu wa kawaida hana haja ya chupa mbili. Lakini wakaanza kuja watu wa sura za kutia shaka, wakinunua nyingi kwa mara moja. Huyu mwajiriwa akaingiwa na wasiwasi. Akawasiliana na polisi wa mji wake, akauliza: je, iodini hii yaweza kutumika kutengenezea methamfetamini? Methamfetamini, ndugu msomaji, ni dawa ya kulevya inayoangamiza akili na mwili kwa haraka. Afisa akamjibu kuwa ndiyo, iko watu wanaoitumia kwa kazi hiyo, na akamnasihi kwamba ikiwa kuiuza kwamtia wasiwasi, aache.

Hebu tusimame kidogo hapa. Mtu alikuwa na shaka, akauliza, akajibiwa. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yake, na mwenye kuufungua alikuwa ni polisi mwenyewe. Angalitoka siku ile, kisa kingalikwisha, na mimi nisingalikuwa na la kukuandikia.

Hakutoka. Duka likaendelea kuuza, hata chupa 12 kwa mnunuzi mmoja kwa mara moja. Kwa muda wa miaka mitatu ziliuzwa chupa zaidi ya 20,000, na zikaingia kiasi cha dola 400,000. Novemba 2010, baada ya maafisa kununua kwa siri mara kadhaa, duka lilipekuliwa na chupa zaidi ya 300 zikachukuliwa. Ndugu wote wawili wakashitakiwa katika mahakama ya serikali kuu.

Serikali ilipiga hesabu ya faida ya chupa zile ikapata dola 269,751 na senti 98, na ikataka kila mmoja wao adaiwe zote. Mwenye duka alikiri makosa, akakubali kutoa dola 200,000. Mwajiriwa alichagua kesi isikilizwe. Raia walioapishwa kuiamua walimtoa katika mashtaka matatu, na wakamtia hatiani kwa 11, likiwemo la njama. Akahukumiwa kifungo cha miezi 60, ndiyo miaka mitano.

Zikabaki dola 69,751 na senti 98. Serikali ikasema: hizo alipe huyu. Na hapa pana ajabu, kwani serikali yenyewe ilikubali kuwa mtu huyu hakuwa na hisa ya kulitawala duka, wala hakutazamia faida ya nafsi yake katika mauzo yale. Hata hivyo ikashikilia kuwa ni mshiriki wa njama, na mshiriki hudaiwa lote. Jaji aliyeisikiliza kesi alikataa. Alisema huyu ni mtu wa mshahara, faida haikumfikia. Serikali ikakata rufani, na mahakama ya rufani ya eneo lile ikaitengua kauli ya jaji, ikasema adaiwe. Sasa ikawa zamu yake yeye kukata rufani, na Mahakama ya Juu ikakubali kumsikiliza.

Pengine msomaji hajui namna rufani zinavyokwenda huko. Mahakama ya rufani haiwaiti tena mashahidi, wala haiulizi kama chupa ziliuzwa ama hazikuuzwa. Hayo yamekwisha chini. Yenyewe huuliza kama sheria ilifahamiwa sawa. Na Mahakama ya Juu huchagua kesi chache tu kati ya maelfu, khasa zile ambazo mahakama za chini zimekhitalifiana. Kwa hiyo kesi ya mwajiriwa wa duka la Chattanooga ilipokubaliwa, haikuwa tena khabari ya dola 69,751. Ilikuwa khabari ya kila mtu mdogo aliyeko katika njama ya watu wakubwa, nchi nzima.

Hukumu ya Juni 5, 2017

Majaji wanane waliosikiliza walikuwa na kauli moja. Wa tisa alikuwa bado hajaapishwa kesi iliposikilizwa, naye hakushiriki. Aliyeandika hukumu ni Jaji Sonia Sotomayor.

Alianza na mfano ambao mtu yeyote wa mtaani aufahamu. Fikiria mkulima anayelima bangi na kuiuza katika vyuo. Akamwajiri mwanafunzi ampelekee vifurushi, akimlipa dola 300 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka mkulima amechuma dola milioni 3, na mwanafunzi amepata dola 3,600. Kwa ile kauli ya kugawana deni, mwanafunzi angaliweza kudaiwa milioni 3 zote, ambazo hakupata kuziona, seuze kuzishika.

Kisha akairejea sheria ya 1984 kwa maneno yake. Sheria yataja mali itokanayo na mapato ambayo mtu ameyapata. Na kupata, kwa lugha ya kila mtu, ni kitu kukufikia na kuwa chako. Mtu hapati kwa kuwa mwenziwe amepata. Sheria yasema kupata kwa njia ya wazi au kwa njia ya kuzunguka, ili mkuu wa genge asijifiche nyuma ya wajumbe wake. Lakini kuzunguka kwenyewe nako lazima kuishie mkononi mwake. Tena sheria hiyo hiyo imeeleza la kufanya mali yenye doa ikipotea: mkosa akiila, akiificha au akimpa mtu, mahakama yaweza kuchukua mali yake nyingine ya thamani ile ile. Lakini huyo ni yule aliyeipata mwanzo. Kumtwalia mali safi mtu ambaye ile chafu haikumfikia kamwe ni mlango ambao sheria haikuufungua. Na hapo akayakumbusha yale niliyokuomba uyakumbuke: kwamba asili ya kutwaa mali ni kukifuata kitu maalum chenye doa, si kumfuata mtu kwa deni la wenziwe.

Basi dola 69,751 na senti 98 zikaondoka shingoni mwa mwajiriwa, kwa kuwa hakuwa na miliki katika duka la nduguye, wala hakupata chochote katika faida ile.

Hukumu hiyo ilifasiri sheria moja, na tangu hapo mahakama za rufani za Marekani zimekhitalifiana kama inazifikia sheria nyingine za kutwaa mali zenye maneno tofauti. Lakini kwa dawa za kulevya, mwenye kupata hudaiwa alichokipata.

Lililobaki, na letu sisi

Sitaki usome hukumu hii ukadhani kuwa mwajiriwa alishinda. Hakushinda ila nusu. Mahakama haikuigusa ile miezi 60. Haikusema kuwa mshahara humsafisha mtu. Ndugu wa 1946 na ndugu wa 2017 wanasimama pamoja mpaka leo katika sheria ya Marekani: ukila njama, kosa la mwenzio laweza kuwa kosa lako na ukafungwa kwalo, lakini faida ya mwenzio haiwi deni lako. Hatia yaweza kuenea. Mali hufuata mkono.

Pengine utasema: hayo ni ya Marekani, sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu. Desemba 1988, mjini Vienna, mataifa yalifanya mapatano juu ya biashara ya dawa za kulevya, na miongoni mwa waliyoahidiana ni kwamba kila nchi iweke sheria ya kutwaa mapato ya biashara hiyo. Kenya ikaweka sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 1994, na Tanzania mwaka 1995. Kenya ikaongeza sheria ya mapato ya uhalifu mwaka 2009, ambayo huruhusu mali kutwaliwa kwa njia ya madai hata kabla ya mtu kutiwa hatiani. Tanzania ikaweka sheria mpya ya dawa za kulevya mwaka 2015. Kila sheria ina maneno yake, na hukumu ya Marekani haiwafungi mahakimu wetu. Lakini mti ni mmoja, na suala ni lile lile.

Na bahari haituzuii. Mwezi Januari wa mwaka ule ule wa 2017, watu wanne walichukuliwa kutoka Kenya wakapelekwa New York kwa mashtaka ya njama ya dawa za kulevya. Wawili kati yao walikuwa ndugu, wana wa Mombasa. Wakakiri makosa mwaka 2018. Mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2019, na wa pili miaka 23 mwaka 2020. Majina yao yalitangazwa vya kutosha, na wana jamaa waliobaki nyuma, kwa hivyo sitayarudia. Nimewataja ili ujue kwamba sheria niliyoieleza haikai mbali kama ramani inavyoonyesha.

Katika kisa hiki mimi nimeokota mambo matatu.

La kwanza ni kwa wenye kuhukumu, na sote ni mahakimu katika nyumba zetu. Ukikasirikia uovu, uovu una haki ya kukasirikiwa. Lakini hasira isikusahaulishe kupima. Dawa za kulevya zimetuulia vijana, na hapana mtaa wa pwani usio na mama anayelia. Kwa hayo hayo, ni rahisi kusema: na watwaliwe wote, wanyang'anywe wote, mkubwa na mdogo. Majaji wanane walikataa kusema hivyo, hali wanaijua sumu ile kuliko sisi. Dhulma haiwi haki kwa kuwa aliyedhulumiwa naye ni mkosa.

La pili ni kwa wenye mali. Wewe mwenye duka, mwenye chombo, mwenye nyumba ya kupangisha, usimweke ndugu yako mbele ya meza huku wewe ukihesabu nyuma ya pazia. Mshahara unaompa si ununuzi wa miaka yake mitano. Yule mwenye duka wa Chattanooga alitoa dola 200,000, akapata kuzitoa kwa kuwa alizipata. Nduguye hakuwa na cha kutoa ila umri wake.

La tatu ni kwa kijana wa mshahara. Usijidanganye kwamba "mimi nimetumwa tu." Hukumu ya 2017 yakwambia hutadaiwa usichokipata, na ile miezi 60 yakwambia utaulizwa ulichokijua. Na siku moyo wako utakapokutuma kuuliza, kama ulivyomtuma mwajiriwa yule kuwauliza polisi, basi jua kuwa kuuliza kwako ndiyo khabari yenyewe. Mtu hauli shaka yake akashiba. Ukijibiwa, ondoka.

Yule mama nilimwona tena, nikampa khabari hii kwa ufupi, kama nilivyokupa wewe kwa urefu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hivyo mali hataitoa, lakini kufungwa atafungwa?" Nikamwambia, kule ndivyo ilivyokuwa. Akasema, "Basi mali si kitu. Mimi nilikuwa nikiogopa lisilokuwa lenyewe."

Mdogo ametoka dukani. Mshahara wa sasa ni nusu ya ule, na kazi yake ni ya jua. Mkubwa bado yuko, na mamake hajakata tamaa naye. Kila nikimwona huniambia nimwombee, nami humwombea. Nawe, ndugu msomaji, ukifika hapa, mwombee pia, kwani huenda katika nyumba yako au ya jirani yako yuko mfano wake.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atuonyeshe batili tuiepuke, na atukinge na mali isiyo na baraka. Wabillahi taufiq.